Mgeni Ndani ya Seli

Ng'ombe akianza kuzubaa bandani na kuacha majani, mfugaji wa Kabete au Kinoo humpapasa kwanza chini ya sikio. Akikuta tezi imevimba ukubwa wa kiazi, hangoji kesho. Anampigia simu daktari wa mifugo. Daktari hufika na vitu vichache: bomba la sindano, vipande viwili vitatu vya kioo, chupa ya spiriti. Huitafuta tezi nyingine iliyo mbele ya bega, huibana kwa vidole isimponyoke, huchoma, huvuta kidogo, kisha huliweka tone lile juu ya kioo na kulitandaza kwa ukingo wa kioo cha pili mpaka libaki utando mwembamba. Utando hukauka kwa upepo, hutiwa spiriti, kisha rangi ya Giemsa.

Chini ya hadubini huonekana seli kubwa za mviringo, viini vyake vya zambarau. Ndani ya seli moja, kando ya kiini, pana kitu kisichostahili kuwapo: bonge la samawati lenye vitone vyekundu vinane, kumi, kumi na vitano. Seli ya jirani ina bonge lake. Ukisogeza kioo taratibu unaweza kukutana na seli iliyo katikati ya kugawanyika, na bonge nalo limenyooka, nusu huku nusu kule, kama shamba la marehemu linalogawiwa watoto wawili.

Hiyo ndiyo ndigana kali. Wamaasai huiita oltikana. Waingereza waliiita Homa ya Pwani ya Mashariki, na jina hilo lina kisa chake. Binadamu haugui ndigana. Lakini kwa zaidi ya miaka 50, watu waliokaa kwenye maabara za magharibi mwa Nairobi wakizitazama seli hizo wamekuwa wakiuliza swali ambalo kila mgonjwa wa saratani anaishi nalo: seli iliyotulia hufanywa nini hata ikaacha kazi yake, ikazaana bila kikomo, kisha ikahama ilikozaliwa na kwenda kufanya makao mapafuni? Sehemu yetu katika historia ya swali hilo haijasimuliwa inavyostahili, na mimi naiona ni hasara kubwa.

Jina la Pwani lilitungwa kusini. Miaka ya 1890 sotoka iliwafyeka ng'ombe wa Afrika, na walowezi wa Rhodesia walipotaka kujaza mazizi tena waliagiza ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Walishushwa Beira na kuswagwa bara. Kufikia 1902 ng'ombe wa wenyeji na wa walowezi walikuwa wanakufa kwa maelfu, huku wale wa pwani wakitembea salama. Robert Koch, Mjerumani mashuhuri kwa ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu, aliitwa Bulawayo mwaka 1903. Miaka michache nyuma, akiwa Dar es Salaam, alikuwa ameona vijidudu vidogo mno ndani ya damu ya ng'ombe akavidhania ni vya ugonjwa mwingine. Safari hii alitambua kwamba ugonjwa huu una njia yake, na mabonge ya samawati ndani ya matezi yanaitwa kwa jina lake hadi leo. Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa Koloni la Rasi huko Afrika Kusini, alionyesha kwamba mbebaji ni yule kupe wa hudhurungi anayependa masikio. Daktari wa mifugo Arnold Theiler akathibitisha kwamba kimelea hiki si kile cha magonjwa mengine ya kupe. Ndiyo maana leo kinaitwa Theileria parva.

Nairobi ilikuwa mji wa mabati wakati huo, reli ikiwa imefika 1899. Serikali ya kikoloni ilijenga maabara ya mifugo Kabete, juu ya kilima magharibi mwa mji, na huko yakaanza kuandikwa mambo ambayo dunia nzima ilikuja kuyasoma. Eustace Montgomery alieleza ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Mwaka 1931 Robert Daubney na wenzake wakaeleza homa ya Bonde la Ufa, baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha. Ndigana ilikuwa kwenye orodha tangu mwanzo, ila kwa miongo mingi jibu lake lilikuwa la sheria na maji: karantini, ua, na majosho yenye dawa ya aseniki. Karantini hizo ziliwabana zaidi Waafrika, ambao ng'ombe wao walifungiwa kwenye maeneo waliyotengewa huku walowezi wakiuza maziwa mjini. Anayesimulia habari za maabara asilisahau hilo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilijengwa kituo kingine mbele kidogo, Muguga, ukipita Kikuyu. Kilikuwa cha nchi zote tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapo Walter Plowright alikuza virusi vya sotoka ndani ya seli za ng'ombe zilizofugwa kwenye chupa, mpaka akapata chanjo iliyochangia kuitokomeza sotoka duniani, jambo lililotangazwa 2011. Kufuga seli kwenye chupa ni kazi ya mikono yenye subira: kuzilisha kwa wakati, kuzikinga na ukungu, kuzigawa zikijaa. Ndiyo kazi iliyoufungua pia mlango wa ndigana.

Mwaka 1964 Hulliger, Wilde, Brown na Turner wa Muguga walichapisha katika jarida la Nature walichokiona kwenye chupa zao. Ilikuwa imedhaniwa kwamba kimelea huingia ndani ya limfosaiti, yaani wale askari wa mwili wanaokaa kwenye matezi, kikajaa, kikaipasua na kuhamia nyingine, kama vimelea wengi wafanyavyo. Wao waliona tofauti. Kimelea hakitoki. Seli inapogawanyika, nacho hugawanyika pamoja nayo, na kila binti huondoka na fungu lake. Halafu wakaona jambo la kustaajabisha zaidi: limfosaiti ya kawaida ikiwekwa kwenye chupa bila kuchochewa hufa baada ya siku chache. Hizi zenye mgeni ziliendelea kuzaana wiki baada ya wiki. Mwaka 1970 Malmquist, Nyindo na Brown walieleza safu za seli za wengu zilizogeuzwa hivyo, na 1973 Brown na wenzake wakafanikiwa kuchukua limfosaiti zenye afya, kuzitia vimelea kutoka kwenye kupe, na kuzigeuza mbele ya macho yao.

Kisha likaja jaribio la 1975, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo. Brown na wenzake, wakiongozwa na Irvin, walichukua panya wasio na manyoya, ambao kinga yao ya mwili ni pungufu. Kundi moja walilipandikiza seli za saratani ya kweli ya ng'ombe. La pili walilipandikiza limfosaiti za ndigana. Katika makundi yote mawili zilikua na kuwa uvimbe. Kwa jicho la panya, ugonjwa unaoletwa na kupe na saratani vilikuwa jamaa.

Tofauti ilikuwa moja, na ndiyo kiini cha masimulizi haya. Saratani ikishaota, jeni za seli zimeharibika na haziponi zenyewe. Seli ya ndigana ina jeni zake zote salama. Ukimuua mgeni kwa dawa, seli husimama. Huacha kuzaana, hurudi kuwa limfosaiti ya kawaida, huzeeka na kufa kama wenzake. Dawa hiyo ilikuja kupatikana: parvakwoni kwanza, kisha buparvakwoni, zote kutoka kampuni ya Wellcome ya Uingereza. Ndizo daktari wetu wa Kinoo huzichoma kwenye msuli wa shingo leo, na ng'ombe akiwahiwa huinuka. Kwa mtafiti wa saratani dawa hiyo ilikuwa na maana nyingine. Hapa palikuwa na swichi ya kuwasha na kuzima. Angeweza kulinganisha seli ileile ikiwa na wazimu na ikiwa na akili zake.

Mwaka 1973 huohuo ilisainiwa hati ya kuanzisha maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, ILRAD, huko Kabete, karibu na Uthiru. Ukitoka katikati ya mji kwa matatu za Kikuyu, unapita Westlands, unapita Kangemi, na hapo Uthiru unauona ua na miti yake. Kazi zake zilikuwa mbili tu: ndigana, na nagana inayoletwa na mbung'o. Ilivuta watu wa kila namna. Mmoja alikuwa Don Fawcett, profesa wa Harvard aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha wanabiolojia wa seli cha Marekani, mtu ambaye picha zake za hadubini ya elektroni zilifundishia madaktari wa kizazi kizima jinsi seli ilivyo ndani. Alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuja Nairobi kupiga picha za kimelea cha ng'ombe.

Ili kuelewa alichokiona, yafaa kujua kwamba seli ina viungo vyake, kama mwili ulivyo na vyake. Wataalamu huviita oganeli. Kuna mitokondria zinazotoa nguvu, kuna vifuko vya kusagia taka, na kuna mirija midogo mno inayopita huku na huku kama boriti za nyumba, ambayo mizigo ya seli husafiri juu yake. Seli inapotaka kugawanyika, mirija hiyo hujipanga upya na kuwa kamba zinazovuta kromosomu upande huu na ule. Seli inapotaka kutembea, huinyoosha mbele sakafu ya ngozi yake, hukanyaga kwa vijiguu viitwavyo podosomu, ambavyo pia huyeyusha nyuzi za tishu zinazoziba njia, kisha hujivuta.

Fawcett, akishirikiana na watu wa Kabete na Muguga, wakiwamo Stagg, Young na Mganda Antony Musoke, alionyesha hatua kwa hatua jinsi kimelea kinavyoingia. Kimelea cha malaria husukuma kwa nguvu kichwa kikitangulia. Cha ndigana hakitembei hata kidogo. Hugusa ngozi ya limfosaiti kwa upande wowote, na ngozi hiyo hukifumbata taratibu, kama zipu inavyofungwa, mpaka kimezwe. Kila seli ina desturi ya kukifungia kimezwacho ndani ya kifuko ili kikasagwe. Ndani ya dakika chache kimelea humwaga vitu kutoka kwenye oganeli zake chenyewe, kifuko kinayeyuka, na kinabaki uchi katikati ya seli. Hapo picha zinaonyesha mirija midogo ya mwenyeji imekizunguka kwa mpangilio, safu kwa safu. Mgeni hakujificha kwenye kona; ameshika boriti za nyumba.

Miaka ya baadaye, maabara za Bern na Zurich ziliendeleza uzi huo. Mmoja wa waliouongoza, Dirk Dobbelaere, alikuwa amefanya kazi Kabete miaka ya 1980. Mwaka 2010 kundi lake lilieleza jinsi kimelea kinavyojishikiza kwenye kamba za mgawanyo na kunasa protini ya mwenyeji inayoongoza kazi hiyo, ili kigawanywe sawasawa kila mara. Kwa hiyo lile bonge lililonyooka, ambalo Hulliger na wenzake waliliona Muguga, sasa lilikuwa na maelezo. Watafiti wa Zurich nao, wakifanya kazi na binamu yake, Theileria annulata wa Afrika Kaskazini na Asia, walionyesha kwamba seli zenye mgeni hupata podosomu na ile sakafu ya mbele, na kuingia ndani ya tishu ambamo seli tulivu isingeingia. Mfugaji anaujua mwisho wake bila hadubini. Ng'ombe anapumua kwa shida, povu jeupe linamtoka puani. Seli zimehama matezi na kujaza mapafu.

Hatua iliyounganisha Kabete na wodi za binadamu waziwazi iliongozwa na Onesmo ole-MoiYoi, Mmaasai kutoka Tanzania aliyesomea udaktari Harvard kisha akaja ILRAD. Yeye na wenzake waliuliza ni kimeng'enya gani cha seli kinachopandishwa kupita kiasi mgeni akiwamo. Mwaka 1993 walichapisha jibu: keseini kinasi ya pili, kimeng'enya kilichopo ndani ya kila seli yetu, ambacho kazi yake ni kubandika fosfati kwenye protini nyingine na kuziamsha. Ndani ya seli za ndigana kilikuwa juu sana. Je, kilikuwa chanzo cha wazimu ule au dalili yake tu?

Jibu lilitoka Boston. David Seldin na Philip Leder walitengeneza panya ambao limfosaiti zao zilizalisha kimeng'enya hicho kwa wingi. Baadhi ya panya hao walipata saratani ya matezi. Walipowachanganya na panya wenye jeni nyingine iliyochochewa, iitwayo myc, watoto walizaliwa na saratani ya damu. Makala yao ilitoka katika jarida la Science mwezi Februari 1995, na kichwa chake kiliutaja ugonjwa wa ng'ombe. Katika toleo lilelile ole-MoiYoi aliandika maelezo ya ndigana kwa wasomaji ambao wengi wao, nadhani, hawakuwa wamewahi kumwona kupe wa sikio.

Jina la Leder linanirudisha Afrika Mashariki kwa njia nyingine. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kiasi cha kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, kuuchora ugonjwa huo kwenye ramani. Leder alikuwa miongoni mwa walioonyesha, 1982, kwamba katika uvimbe wa Burkitt jeni ya myc imehamishwa kutoka mahali pake na kuwekwa palipo na swichi isiyozimika. Seli ya mtoto wa Kampala na seli ya ndama wa Kabete zilikuwa zinachezwa na mchochezi mmoja. Kwa mtoto, swichi ilivunjika. Kwa ndama, kuna mkono wa mgeni unaoishikilia.

Tangu hapo kimeng'enya cha ole-MoiYoi kimeonekana kuwa juu katika saratani nyingi za binadamu, na dawa ya kukizima, silmitasertibu, imefika kwenye majaribio kwa wagonjwa wa saratani ya mirija ya nyongo. Sidai kwamba dawa hiyo ilizaliwa Kabete. Kimeng'enya hicho kilikuwa kinachunguzwa kwingine pia. Ninachodai ni kwamba mmoja wa mashahidi wa kwanza waliosimama na kusema kinaweza kuigeuza limfosaiti alikuwa ng'ombe wa huku, na aliyemleta mahakamani alikuwa Mmaasai.

Elimu ya vyombo vya safari vya seli nayo haijasimama. Mwaka 2015 kundi la Yu Li wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, lilieleza oganeli mpya: seli inapotembea huacha nyuma yake nyuzi, na kwenye nyuzi hizo huvimba vifuko vilivyojaa vifuko vidogo, mfano wa komamanga lililokatwa. Wakaiita migrasomu. Mwaka 2021 walionyesha kwamba seli inayohama hutumia vifuko hivyo kutupa mitokondria zilizoharibika, kama msafiri anayetua mzigo mbovu njiani. Vifuko vya aina hiyo kutoka kwenye seli za figo vimepatikana ndani ya mkojo, vikiongezeka mapema seli hizo zinapoumia. Magonjwa ya binadamu yanaanza kusomwa kwenye nyayo za seli, jambo ambalo hadubini za Muguga za 1964 zisingeweza kuliona.

ILRAD iliungana na kituo cha Addis Ababa, na tangu 1995 inaitwa ILRI. Uwanja ni uleule wa Kabete. Mwaka 2005 watafiti wake na wenzao wa Marekani walichapisha jenomu nzima ya Theileria parva: herufi zaidi ya milioni 8, jeni zipatazo 4,000. Aina waliyoisoma inaitwa Muguga. Chanjo nayo ina jina hilo: mchanganyiko wa vimelea hai uliotengenezwa huko miaka ya 1970, ambao ng'ombe huchomwa siku moja na oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu, akaugua kidogo na kupona. Wafugaji wa Kimaasai wameipokea kuliko wengi, na haishangazi. Walijua zamani kwamba ndama aliyenusurika oltikana haiogopi tena.

Mwaka 2015 watafiti wa Paris na wenzao walionyesha kwamba Theileria annulata humwaga ndani ya mwenyeji wake protini iitwayo Pin1, pacha wa protini ya binadamu inayopanda katika saratani kadhaa, na kwamba protini hiyo husaidia kuiweka seli katika wazimu wake. Kimelea kimoja kutoka Tunisia kilichokuwa hakisikii tena buparvakwoni kilikuwa na badiliko la herufi moja katika jeni hiyo.

Daktari wa Kinoo haisomi makala hiyo bandani. Ameshatoa sindano, ameandika tarehe kwenye daftari la mfugaji, na amemwambia atarudi kesho kutwa kuipapasa tezi tena. Ikiwa imenywea, mgeni amekufa, na seli zile zimeacha kutembea.